Jamie Redknapp na Teke la Nge

Ukitafuta jina la René Higuita mtandaoni, karibu lazima ukutane na ule mpira wa Wembley. Ni tarehe 6 Septemba 1995, Uingereza na Colombia, mechi ya kirafiki iliyoisha bila bao. Mpira wa juu unaelekea langoni polepole, wa kudakwa hata na mtoto wa darasa la nne. Kipa anajirusha mbele, anaacha mpira umpite kichwani, halafu anaurudisha kwa visigino miguu ikiwa imepinda nyuma ya mgongo kama mkia wa nge. Watu wameiangalia hiyo klipu miaka nenda miaka rudi na wataendelea kuiangalia sisi sote tukishazikwa.

Aliyepiga ule mpira ni Jamie Redknapp. Alikuwa na miaka 22 na hiyo ndiyo ilikuwa mechi yake ya kwanza kabisa na timu ya taifa. Mpira wenyewe ulikuwa mbovu, si krosi si shuti. Ungekuwa mzuri, hakuna mtu angeukumbuka.

Wengi wa rika langu tunamjua Redknapp kama yule jamaa wa Sky Sports mwenye suti za kubana na nywele ambazo hazijawahi kukosea. Kuna wasee kwenye base yetu ambao hawakuwa wanajua kama alicheza mpira. Mmoja alidhani ni mtangazaji tu ambaye babake ni kocha. Kwa upande mwingine, kuna wazee wa Liverpool ambao ukimtaja wanatikisa kichwa na kusema huyo kijana alikuwa na mguu, ni vile tu mwili ulimkataa. Maoni yangu ni kwamba alikuwa mchezaji mzuri kuliko tunavyokumbuka, na ni mchambuzi wa chini kuliko kiti anachokalia. Na hizo hukumu mbili haziwezi kutenganishwa.

Tuanze na mguu. Kenny Dalglish alimnunua kutoka Bournemouth Januari 1991 kwa pauni 350,000. Kijana alikuwa na miaka 17, amezaliwa kwenye familia ya mpira, babake Harry ndiye kocha wa hiyo Bournemouth. Mwezi mmoja baadaye Dalglish akajiuzulu, kwa hivyo dogo akabaki Anfield kama mzigo ulioagizwa na mtu ambaye ameshahama nyumba. Akakomaa hapo hapo. Chini ya Roy Evans akawa kiungo wa kati akishirikiana na John Barnes, ambaye kasi ilikuwa imemtoka lakini akili ilikuwa bado mbichi. Itafute ile mechi ya Aprili 1996 ambayo Liverpool iliifunga Newcastle 4-3. Kila mtu huangalia bao la mwisho la Stan Collymore. Mwangalie namba ya kati. Redknapp anapokea mpira akiwa ameshafungua mwili, anajua utakwenda wapi kabla haujamfikia, na pasi yake ndefu inatua kwa mtu, si kwa eneo. Hakuwa mtu wa kukaba. Hakuwa na ule ukali wa Roy Keane, na hilo litarudi baadaye. Lakini mpira ukiwa mguuni mwake ulitulia.

Halafu tuje kwa suti.

Mei 1996, fainali ya Kombe la FA, wachezaji wa Liverpool waliingia uwanjani Wembley kabla ya mechi wakiwa wamevaa suti za Armani rangi ya maziwa. Wakacheza vibaya, Eric Cantona akawafunga bao moja mechi ikiwa inakaribia kuisha, na Manchester United wakabeba kombe. Kuanzia hapo ile timu ikabandikwa jina la Spice Boys, na ikawa ukweli usiopingwa kwamba walikuwa watoto wa sherehe na magazeti, si watu wa kazi. Redknapp alikuwa kielelezo. Sura nzuri, matangazo ya biashara, na miaka miwili baadaye akamuoa Louise Nurding, aliyekuwa mwanamuziki wa kundi la Eternal.

Mimi hiyo hukumu ya suti huwa inanikera. Timu ya Evans ilimaliza ya tatu msimu huo, ya nne uliofuata, ya tatu tena. Shida ilikuwa mabeki na pia ukweli mchungu kwamba Ferguson alikuwa upande ule mwingine. Kama wangeshinda ile fainali, zile suti leo zingeuzwa kama nakala za kumbukumbu. Waingereza waliamua kwamba ukipendeza hufanyi kazi. Ni fikra tunayoijua hata sisi, muulize msichana yeyote wa Nairobi aliyewahi kwenda kazini akiwa amependeza.

Lakini kilichommaliza ni mwili. Juni 1996 kwenye Euro, Terry Venables alimuingiza wakati wa mapumziko dhidi ya Scotland, matokeo yakiwa 0-0. Kipindi cha pili Uingereza wakatulia, wakashinda 2-0, siku ya lile bao la Gascoigne ambalo limechezwa kwenye televisheni mpaka limechakaa. Redknapp hakumaliza. Kifundo cha mguu kilimsaliti kabla ya kipenga cha mwisho na mashindano yakawa yameisha kwake. Kombe la Dunia la 1998 akalikosa kwa sababu ya jeraha. Akafunga bao lake la pekee la timu ya taifa Oktoba 1999 dhidi ya Ubelgiji, kombora la mguu wa kushoto, na hata Euro ya 2000 ikampita. Mechi 17 kwa jumla. Ndugu yake Frank Lampard, mtoto wa dada ya mamake, kiungo pia, alifikisha 106.

Kiswahili kimetuwekea nge mbili, mdudu na kiambishi, na zote zimemuuma huyu mtu. Angecheza, angekuwa, angefika. (Mimi niliacha chuo katikati, kwa hivyo hiyo nge ya pili naisikia kila Krismasi nikienda ushago.)

Msimu wa 2000-01 ndio unaouma zaidi. Gérard Houllier alikuwa amemfanya nahodha. Halafu goti. Liverpool wakachukua makombe matatu msimu huo, Kombe la Ligi, Kombe la FA na Kombe la UEFA, na nahodha hakucheza hata mechi moja. Katikati ya uwanja kulikuwa na kijana anayeitwa Steven Gerrard. Walipoifunga Arsenal 2-1 kwenye fainali ya FA kule Cardiff, Robbie Fowler na Sami Hyypiä walimuita waliinue kombe pamoja. Walifanya jambo la kiungwana. Lakini fikiria kuinua kombe ambalo jasho lake halikutoka kwako, mbele ya dunia nzima, huku ukijua yule kijana anayeruka kando yako ndiye amechukua nafasi yako na hatairudisha. Mwaka uliofuata akaenda Tottenham, kisha Januari 2005 akaenda Southampton chini ya babake, wakashuka daraja, na akastaafu akikaribia miaka 32.

Muda mfupi baadaye alikuwa kwenye viti vya Sky. Na hapa ndipo mambo yanageuka, kwa sababu kila kilichomharibia jina uwanjani kilikuwa sifa ya kazi studioni. Sura, suti, ucheshi, kutoudhi watu. Mwaka 2010 akaingia pia kwenye A League of Their Own, kile kipindi cha vichekesho cha James Corden, na huko, niseme ukweli, anachekesha. Anakubali kuchekwa. Mtu asiyeshikilia heshima yake kwa nguvu ni burudani nzuri Ijumaa usiku.

Shida ni Jumapili mchana. Mwanzoni mwa 2011 Andy Gray alifutwa kazi Sky baada ya kashfa iliyoanza na maneno ya kumdharau mwamuzi msaidizi wa kike, mwenzake Richard Keys akajiuzulu, na nafasi ikafunguka. Msimu uliofuata akaja Gary Neville, halafu 2013 Jamie Carragher. Hao wawili walibadilisha kazi yenyewe. Wanasimamisha picha, wanachora mistari, wanakuonyesha kwamba bao la dakika ya 70 lilianza na beki aliyesogea mita mbili dakika ya 69. Unaweza kuwachukia, Neville hasa, lakini ukizima televisheni unajua kitu ambacho hukujua. Redknapp alibaki kwenye shule ya zamani, ile ya sifa na hisia. Kwake mchezaji mzuri si mzuri tu, ni wa juu, tena wa juu kabisa. Timu iliyoshindwa haikutaka ushindi vya kutosha. Na Waingereza wamemcheka miaka mingi kwa kulitumia neno lao la kusema "kihalisia" mahali ambapo hakuna uhalisia wowote, mpaka kichekesho chenyewe kimezeeka.

Mimi hilo la lugha halinisumbui. Anayeongea moja kwa moja hewani atajikwaa, na wanaomcheka wengi wangebabaika mbele ya kipaza sauti cha harusi. Kinachonisumbua ni "hawakutaka vya kutosha." Hayo maneno si uchambuzi. Ni hukumu juu ya roho ya mtu iliyotolewa na mtu asiyeiona roho hiyo. Na ni ajabu yatoke kwa Redknapp, kwa sababu hivyo hivyo ndivyo walivyomhukumu yeye. Ati suti. Ati sherehe. Ati hakutaka vya kutosha, wakati goti lake lilikuwa linapasuliwa. Angekuwa mtu wa kwanza kuikataa hiyo lugha.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana kwa sababu jamaa anapendeka. Kati ya 2008 na 2012 babake alikuwa kocha wa Tottenham, na Lampard alikuwa nguzo ya Chelsea. Msimu wa 2009-10 Chelsea wakawa mabingwa na Tottenham wakamaliza wa nne. Yaani mchambuzi alikuwa analipwa kutoa maoni huru kuhusu ligi ambayo nusu ya chakula cha Krismasi kwao kilitoka humo. Sisemi alidanganya. Watazamaji walijua, kulikuwa na utani juu yake hewani. Lakini utani ndio ulikuwa dawa pekee, na mimi sioni kama inatosha. Mtu akiniambia kocha anahitaji kupewa muda zaidi, ningependa kujua kama huyo kocha ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli.

Sasa, sisi huku hatuangalii Sky. Mechi inatufikia kwa SuperSport, na studio ni nyingine, wachambuzi ni wengine. Redknapp anatufikia vipande vipande, sekunde 60 kwa simu, kwa kawaida mtu akiwa amekasirika. Kama ile ya 2021 alipozozana na Roy Keane kuhusu kikosi cha Tottenham. Keane anasema hii timu ni ya kawaida tu. Redknapp anapandisha sauti kuitetea, anataja wachezaji wa timu za taifa, Keane anamwangalia kama mwalimu wa zamu anavyomwangalia mwanafunzi aliyechelewa. Kwenye base kila mtu alichagua upande, na karibu wote walimchagua Keane kwa sababu Keane ana macho ya kutisha. Lakini ukiisikiliza vizuri, hakuna hata mmoja kati yao aliyesema jambo moja kuhusu namna Tottenham wanavyocheza. Si wapi wanapoteza mpira, si nani hasogei. Ni cheo dhidi ya cheo. Ni majina.

Na tumeichukua hiyo lugha nzima nzima. Nenda kibanda chochote cha mechi siku ya Jumapili, Githurai au Mlolongo, usikie mabishano. "Huyo hana roho." "Huyo hataki." "Huyo si mchezaji wa timu kubwa." Mkeka umechanika kwa sababu kiungo fulani hana moyo. Kijana ambaye anaweza kukueleza gia za matatu na kwa nini injini inachemka, akifika kwenye mpira anakuwa mhubiri. Sidhani ni kosa la Redknapp peke yake, yeye ni mmoja kati ya kwaya. Lakini ni sauti ya kwanza ya hiyo kwaya, tena ndiyo tamu zaidi.

Weka kando yake Karen Carney. Naye alikuwa kiungo, mshambulizi wa pembeni pia, mechi 144 na Uingereza, akastaafu 2019 na kwenda televisheni. Desemba 2020, Leeds wakiwa wameichapa West Brom 5-0, alisema kwamba kusimama kwa ligi wakati wa korona kuliisaidia Leeds kupanda daraja. Alikuwa na msingi. Timu ya Marcelo Bielsa ilikuwa inakimbia kuliko timu yoyote, na msimu wa kabla ya huo ilikuwa imeishiwa pumzi mwishoni. Unaweza kumpinga, Leeds walikuwa wanaongoza kihalali. Lakini ilikuwa hoja: kuna chanzo, kuna tokeo, inaweza kupimwa. Akaunti rasmi ya Leeds ikaweka klipu yake mtandaoni kumkejeli. Matusi yaliyofuata yalikuwa ya aina ambayo mwanamke yeyote anayezungumzia mpira anaijua, na Carney akaifuta akaunti yake ya Twitter. Miaka miwili na nusu baadaye alikuwa ameongoza tathmini ya soka la wanawake iliyoagizwa na serikali ya Uingereza.

Redknapp amesema mambo mangapi yasiyopimika kwa karibu miaka 20? Alichekwa. Vichekesho vikatengenezwa. Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye kiti kile kile, suti nyingine. Hakuna timu iliyomtupa kwa mashabiki wake ili wamle. Simlaumu yeye kwa yaliyompata Carney. Nasema tu kwamba kuna watu wanaoruhusiwa kuwa wa kawaida hewani, na kuna watu ambao wakisema jambo moja lenye akili na lenye utata wanafukuzwa kwenye simu zao wenyewe. Ukitaka kujua kiti cha Redknapp kina thamani gani, usiangalie mshahara. Angalia anaruhusiwa kukosea mara ngapi.

Kinachonifanya niendelee kumsikiliza, na bado namsikiliza, ni dakika chache ambazo anasahau kwamba yuko kazini. Mchezaji akianguka peke yake, bila kuguswa na mtu, na kushika goti. Wachambuzi wengine husema ni bahati mbaya na kuuliza nani ataingia. Redknapp hunyamaza kidogo. Uso unabadilika kabla ya maneno. Nikimwona hapo huwa naona mtu anayejua kuhusu mpira jambo ambalo Keane mwenye mataji yake yote hawezi kulijua kwa kiasi hicho: vile mchezo unavyoendelea bila wewe, vile wenzako wanavyokuwa wapole kwako, vile upole huo unavyouma. Hapo ana mada yake. Ni kubwa, ni yake, na televisheni haimuulizi kwa sababu walimkodisha kwa ajili ya tabasamu.

Kuna klipu moja ambayo ningeitazama mpaka mwisho, hata kama ingekuwa na urefu wa saa nzima. Mtangazaji anaweka mezani picha ya Cardiff, Mei 2001, mikono mitatu kwenye kombe moja, na kumuuliza yule wa tatu: ulikuwa unalishika, au ulikuwa unaligusa tu?